Levo ya Uchochoro wa Vitenge

Swaleh, ndugu yangu,

Nimekasirika hata sasa, kwa hiyo usitegemee barua ya kistaarabu. Ungekuwa hai ningekuzaba kofi kwanza, ndipo nikukumbatie. Mtu mzima, mzaliwa wa Kariakoo, baba na babu wote wauza vitenge, anakimbiaje uchochoroni na simu mkononi siku za kuelekea Idd, soko limefurika na watu wameibiwa tangu asubuhi? Hata mtoto wa chekechea mtaani kwetu anajua kwamba anayekimbia hapa ni mwizi, na anayekimbia na simu ni mwizi mwenye ushahidi mkononi.

Najua ulichokuwa unafanya. Ulikuwa unaipima kwa miguu levo ya mwisho ya gemu yetu, kama ulivyozipima zote. Mimi niliandika programu, wewe ulijenga mahali, na hukukubali hata kona moja iingie kwenye kompyuta kabla hujaipita mwenyewe ukajua pumzi inakatikia wapi na jicho linaangukia nini. Siku zote ulikimbia alfajiri, maduka yakiwa bado yamefungwa. Siku ile ulitaka watu. "Levo bila watu ni ghala," uliniambia, ukashuka kutoka chumba chetu cha kazi juu ya duka la baba yangu la masufuria, chai yako ukaiacha mezani.

Polisi walipomrudishia kaka yako simu yako, alinipa mimi. Nimeitazama video uliyokuwa unairekodi. Unakimbia, unacheka peke yako, unaukwepa mkokoteni, kisha mtu anapaza sauti: mwizi. Na wewe ukasimama. Picha inazunguka huku na huku. Uligeuka kumtafuta mwizi pamoja nao, Swaleh.

Jiwe la kwanza lilikupata shingoni. Baada ya hapo simu inaonyesha kipande cha anga na miguu ya watu: kandambili, raba, kiatu kimoja cha ofisini kilichong'arishwa. Nilisikia mlio wa nondo. Nilikusikia ukitaja jina la baba yako na duka lake, na mtu akikujibu kwamba hata mwizi ana baba. Nilikusikiliza mpaka ulipoacha kusikika. Waliokuosha walimshauri mama yako asikufunue uso, na hakukufunua. Mpaka leo hapiti uchochoro ule wa nyuma ya duka lenu. Anazunguka na jua lote kwa barabara ya mabasi ya mwendokasi, na nikimpa shikamoo anaitikia marahaba bila kuniangalia.

Sasa nikuambie nilichofanya. Sikulia, nilijenga. Levo yako niliigeuza machinjio. Mchezaji ni wewe. Unaanguka, unanyanyuka na panga, unawarudia mmoja mmoja. Niliwavika viatu vile vile nilivyoviona. Niliweka damu ukutani, kwenye majora ya vitenge, kwenye kioo chenyewe. Mwenye kile kiatu cha ofisini nilimpigisha magoti akaomba, na sikuweka kitufe cha kumsamehe. Niliicheza mpaka vidole vikavimba, na nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Nikaipeleka kwenye kile kibanda cha gemu cha mtaa wa Gerezani tulikozoea kujaribia kazi zetu. Vijana wa pale waliipenda. Waligombania rimoti, wakasema ni kali kuliko zote tulizowahi kuwaletea. Siku chache baadaye nikarudi kufanya mtihani wako, kwa sababu wewe hukuwahi kumuuliza mtu kama amependa. Ulimwambia achore njia kwa kidole mezani. Basi nikawaambia wachore. Hakuna aliyekumbuka hata kona moja. Mmoja alikumbuka kwamba panga lilikuwa zuri.

Nilikaa pale nikakusikia ukinicheka. Tuligombana sana juu ya hili, mimi nikiweka maandishi kila kona na wewe ukiyafuta. "Ukiona unaeleza, ujue umeshindwa kujenga." Ulisema mtu hasahau alichokifanya kwa mkono wake, alichoambiwa anakiacha mlangoni pamoja na viatu. Na mhusika wetu akikwama ukutani, ulisema tumwangushie sarafu, kama ni Mchaga mwenzangu atanyanyuka mwenyewe. Mshenzi wewe. Nimeukumbuka mpaka utani wako.

Nikaibomoa. Nikaijenga upya kwa kufuata video yako, kona kwa kona, na safari hii mchezaji si wewe. Ni mtu tu anayetoka dukani na mzigo wake, jua kali, anasukumwa. Levo zilizotangulia zimeshamzoesha kitufe cha kuokota: ameokota nyanya za mama aliyemwagikiwa, ameokota funguo za mzee, na kila mara soko linamshukuru. Hapa anasikia mwizi, na mbele ya mguu wake kuna jiwe. Sikuandika neno. Vijana wa kibandani wote waliokota. Wote walirusha. Kisha umati unatawanyika kurudi kwenye biashara zake, na mchezaji anabaki na kijana aliyelala chini, na simu ambayo bado inaonyesha njia aliyopita akicheka. Nilipowaambia wachore, waliichora njia yote, na mmoja akaonyesha mpaka ulipokuwa mkokoteni.

Ndipo akaja Issa. Unamjua, yule muuza mikanda wa Mchikichini, mtu na mke wake na watoto, anayepita pale mchana kupumzisha miguu. Uliwahi kumfunga magoli kwenye gemu ya mpira ukamtania mpaka akakununia. Alicheza taratibu, bila papara. Alipofika kwenye jiwe akaweka rimoti chini. Nikamwambia aendelee, levo haijaisha. Akasema, macho yake kwenye kioo:

"Dada, mimi hili nilishalirusha."

Akanieleza. Alikuwa anapeleka mzigo wa mikanda, akasikia mwizi, akaokota kama wenzake. Hajui lake lilikupata wapi. Hakujua ni wewe mpaka aliposikia msiba, na akaja, Swaleh. Alikaa kwenye jamvi lenu. Alitia bega lake kwenye jeneza lako.

Niliichukua ile rimoti nikampiga nayo mdomoni. Damu ikaruka na jino. Nikampiga tena, na tena, na hakuinua mkono kujikinga, jambo lililonizidishia hasira. Nikamburuta kwa ukosi wa shati mpaka nje. Nilitaka kumuua, sina neno jingine la kuliita. Mafundi wa gereji wakaacha spana zao, wapita njia wakasogea, wakajaa kama tunavyojua kujaa. Mmoja wao alikuwa ameshaokota kipande cha tofali. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kunisaidia kubeba kitu:

"Dada, mwizi huyu?"

Ningeitikia kwa kichwa tu, ingetosha. Hakuna ambaye angeniuliza la pili. Issa alikuwa magotini, damu inamchuruzika kidevuni, ananitazama. Nilikaa kimya. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa, na hilo nakuambia wewe peke yako. Mwenye tofali alikuwa ameshavuta mkono nyuma niliposema:

"Hapana. Ni mgeni wangu."

Wakaguna, wakatawanyika, wengine wamenuna kwa kupotezewa muda. Nilimpa Issa maji ya kusukutua mdomo. Sijamsamehe, na usinilazimishe. Lakini alitoka Gerezani kwa miguu yake mwenyewe.

Nakuaga, Swaleh. Mola uliyemsujudia akulaze pazuri, na mimi nitakuombea kwa namna yetu ya Kichaga na kanisani kwetu, ukipenda usipende. Nakuahidi hivi: levo haitatoka kibandani mpaka niongeze kitu kimoja. Kabla jiwe halijarushwa, mtu mmoja katika umati atamgeukia mchezaji na kumuuliza, mwizi huyu? Sitaweka saa ya kuhesabu. Mchezaji akinyamaza, umati wote utasimama na mawe yake, umngoje ajibu.

Kwako hakuna aliyeuliza.

Ndeshi