Damu Ndani ya Eda

Jumapili, 4 Agosti 2024

Hedhi imekuja leo, imechelewa sana. Nilipomwambia mama mkwe, Bi Salma, aliketi juu ya ndoo akalia. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza: bado? Bushiri alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu ile ajali ya barabara ya bandari imchukue mume wangu, Bi Salma alibaki na tumaini moja, kwamba ameniachia kitu tumboni.

Nami nililia. Chooni, asinione.

Basi eda yangu ni ya miezi tu, si ya kungoja kujifungua. Ndani, na nguo nyeupe.

Jumanne, 6 Agosti

Damu kidogo, nyeusi, kama mashapo ya kahawa. Tumbo linakata upande wa kushoto. Bi Salma anasema ni huzuni, huzuni hushukia tumboni. Kanipa maji ya mdalasini, kanikanda kwa chupa ya moto. Mikono yake laini.

Chini dirishani watu wa mikokoteni wanaomba njia: "Mguu! Mguu, mama, mzigo huo!" Bushiri alikuwa akiwajibu kwa sauti ya kike: "Nipite wapi sasa, mwanangu, juu ya ukuta?" Nilicheka peke yangu. Kucheka kunauma.

Jumatano, 7 Agosti

Bega! Sijabeba kitu, bega linauma. Nalilaumu godoro la chini.

Alasiri alikuja Bi Najma, somo yangu, aliyenifunda nilipovunja ungo. Nilidhani kaja kunipa pole. Aliuliza damu ikoje — siku zote huja hivi? Nikamwambia hapana. Akamgeukia Bi Salma: hii si hedhi, mpelekeni hospitali.

Bi Salma: mwenye eda atatokaje, majirani watasemaje?

"Hao majirani ndio watakaomkafini? Ugonjwa ni dharura, Salma. Mungu hakumfungia mgonjwa ndani."

Kesho basi, akasema Bi Salma. Huenda usiku nikatulia.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Nilianguka bafuni alfajiri. Bajaji mpaka kituo cha afya. Daktari Severa yuko na nesi mmoja tu. Mashine ya ultrasaundi ipo, imefunikwa kitambaa. Mpimaji kasafiri, hadi Jumatatu. Sikukuu.

Wakapima mkojo. Mimba ipo!

Bi Salma akapiga kigelegele korido nzima. Nesi: mama, wagonjwa hao! Hakusikia, alikuwa akinibusu viganja. Nami nikamwona mtoto anagombea ukoko wa wali, kama baba yake.

Daktari hakucheka. Alinibonyeza tumbo, nikapiga kelele. Bega nalo linauma? Amejuaje! Akasema polepole: nadhani mimba imekaa kwenye mrija, nje ya mji wa mimba. Mrija umepasuka, damu inavujia tumboni. Ndiyo inayochoma mpaka begani. Nipasuliwe leo, hospitali kubwa.

Bi Salma: tungoje Jumatatu, tupate picha. "Dokta, ndiye huyo tu. Sina mwingine."

"Mama, huko alikojishika hawezi kukua. Na huyu mkweo hatafika Jumatatu."

Hakuamini. Mimi pia — nusu.

Daktari akanichoma sindano tumboni, akavuta damu, akaitia katika kichupa cha kioo. Akatueleza: ikiganda, huenda nimegusa mshipa. Isipoganda, ndiyo hiyo inayovuja. Kisha akatoka kupiga simu. Gari la wagonjwa liko Kivukoni, foleni.

Naandika nimelala, herufi zinaanguka. Baridi. Nesi ananipima presha kila mara, hanitazami. Nimemnong'oneza: nipasueni. Mama mkwe sijamwambia.

Kichupa anacho yeye. Anakiinamisha — damu inateremka kama maji. Bado, anasema, ni mapema, itaganda tu. Anakifumbata viganjani, anakipa joto. Midomo yake inasoma dua.

Anakiinamisha tena.