Bata Amebata Jibu

Abaayo wangu Sahra, dada yangu mdogo,

Asalaam aleikum kutoka Iftin, hapa Garissa. Joto ni lile lile uliloliacha, na mbuzi wa jirani bado wanatafuna nguo zangu kwenye kamba.

Leo Ifrah amerudi kutoka shule akaniambia, "Mama, maswali nimebata yote." Nikacheka mpaka machozi, nikakukumbuka.

Wakati wa korona chuo kilipofungwa, ulirudi hapa kusomea kwenye simu. Siku moja mwalimu aliuliza swali, ukawahi, "Nimebata jibu." Sisi Wasomali p yetu ni b, hakuna anayeshangaa. Lakini wenzako wa Nairobi walijaza grupu picha za bata. "Kwak kwak, Garissa." Ukazima maiki. Halafu ukazima na chakula, na maneno. Ulilala umeangalia ukuta, simu inafundisha peke yake. Ukaniambia, "Abaayo, chuo nimeacha."

Mimi niliishia darasa la tano, dawa ya moyo sikuijua. Nilikaa tu kando yako, Ifrah akinyonya, nikasema, "Basi nifundishe mimi. Huyo mwalimu anasema nini?"

"Hutaelewa."

"Ndiyo maana nasema nifundishe."

Ukaanza kidogo kidogo, kila asubuhi, mpaka ukawa unanigombeza kama mwalimu wa kweli, na chai unakunywa bila kubembelezwa.

Halafu siku ile mwalimu akauliza, darasa zima kimya. Nikakugusa kwa kiwiko. Ukafungua maiki, mbuzi wanalia nyuma, ukasema polepole, "Mwalimu, bata amebata jibu." Walicheka, wallahi, lakini na wewe ulicheka. Mwalimu akasema, "Leo bata peke yake ndiye aliyesoma."

Sasa wewe ndiye mwalimu, huko Elwak. Juzi mama wa mwanafunzi wako, akienda Nairobi, alinikuta sokoni. Ameniambia binti yake alikuwa hafungui mdomo darasani. Siku hizi ukiuliza, "Nani amebata?" yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono. Abaayo, nilijivuna mpaka nikaondoka sokoni nikaacha nyanya zangu mezani.

Kwa hiyo leo Ifrah sikumsahihisha. Hiyo p utamfundisha wewe ukija likizo. Nilimwambia tu arudie kwa sauti, majirani wasikie.

Mungu akuweke, mwalimu wangu.

Dada yako,
Mama Ifrah