Kwa Chepngeno, Tuliyemwita Nabwile

Ni mwaka mzima sasa, Mwalimu, tangu asubuhi ile ya Jumanne figo zako zilipochoka, ukatuacha ukiwa na miaka arobaini na tisa na rundo la madaftari ambayo hayajasahihishwa. Emmy, binti yako, ndiye aliyeyamaliza. Alitumia kalamu yako ya kijani, kwa sababu ulikuwa ukisema wino mwekundu unawatia watoto homa bure.

Tunakumbuka ulivyoingia kwetu Kamukuywa. Binti wa Kitale, wa nyumba yenye jina na ng'ombe, ukiolewa kwa akina Wakhungu, watu ambao wakati huo waliamini kwamba hakuna nyumba kubwa kuliko yao. Kukhu, mama yake Levi mumeo, alijiandaa kumpokea bubu. "Ati huyo Mkalenjin ataongea nini na sisi?" Kumbe ulikuwa umejifunza Kibukusu kimyakimya kwa miezi minane, kutoka kwa mwalimu mwenzako. Ukapita mstari mzima wa wakwe ukimsalimu kila mtu kwa jina lake na kwa shughuli zake. Mzee Kizito, mdogo wa baba mkwe, ulimuuliza kama ng'ombe wake mwekundu ameshazaa. Mpaka leo akisimulia anatikisa kichwa. "Huyo msichana alinimaliza, bana. Hata bibi yangu alikuwa hajajua hiyo ng'ombe iko na mimba."

Siku hiyohiyo Kukhu alikupa jina. Nabwile alikuwa binti yake wa pekee, aliyefariki kabla ya kuota meno, na kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kumtaja mbele yake. Alikushika mikono yote miwili akasema, "Wewe ndio Nabwile. Amerudi." Tulilia sote. Wewe pia ulilia, na tukadhani tunaijua sababu.

Wanafunzi wako bado wanatusimamisha sokoni kutukumbusha lile somo lako la Ijumaa, ambalo halikuwa kwenye mtihani wowote. Somo la Charlotte, binti wa nyumba ya kifalme ya Ujerumani, aliyepelekwa Urusi akiwa na miaka kumi na sita kuolewa na ndugu wa mfalme. Wenyewe wanasema ulikuwa ukilisimulia kana kwamba umetoka huko jana. Alijifunza Kirusi kabla ya kufika. Alibadili kanisa. Alibadilishwa jina akawa Elena Pavlovna. Ndoa haikumpa raha, lakini hakukaa akijililia: aliwakusanya wanawake wakaenda kuuguza majeruhi wa vita, na wakulima waliofungwa kwenye ardhi yake akawaweka huru. Hapo darasa lilikuwa likikupigia makofi, nawe ukiinua mkono kulinyamazisha, kwa sababu swali lako lilikuwa bado. "Sasa niambieni. Mama yake kule Ujerumani, akimkumbuka, alikuwa anamwita nani?"

Walikuwa wanabishana mpaka kengele inalia. Hukuwahi kuwapa jibu. Na sisi tuliokusikia ukilisimulia jikoni mara nyingi tu tulicheka tukasema, mwalimu na wazungu wake.

Hatukusahau mambo yako mengine. Ulificha maziwa yako ya mursik, yaliyogandishwa kwenye kibuyu, nyuma ya mtungi wa maji kwa sababu tulikucheka kwamba yana mkaa, halafu tukawa tunayaiba. Uliimba besi kanisani na kuwaaibisha wanaume. Ulikuwa na hasira ya dakika tatu, baada ya hapo unauliza nani anataka chai. Na kila jioni ulikuwa ukimkamua ng'ombe wako mweusi, kizazi cha yule uliyekuja naye kutoka kwenu, ukimnong'oneza Kikalenjin. Katika boma zima, miaka ishirini na miwili, ni yeye tu uliyeongea naye lugha ya mama yako. Watoto wako wenyewe hatukuwahimiza wajifunze. Tulikuona una furaha, basi ikatutosha.

Kisha tukakuzika, na hapo ndipo tulipokosea. Tunaliandika gazetini kwa sababu tulikosea mbele ya watu.

Tulitundika bango kubwa langoni: Mwalimu Nabwile Wakhungu. Kwenye programu ya mazishi ulikuwa Nabwile ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hatukuwa na nia mbaya, hilo ndilo jina tulilokupenda nalo. Mama yako mzazi, Kogo Linah, alifika na kaka yako Kimaiyo, amekumbatia kibuyu cha maziwa. Sisi tuliomjua tulikuwa tunahangaika na maturubai na sufuria. Mama wa kamati aliyekuwa langoni hakumfahamu, akamuuliza kwa adabu tu, "Mama, mmetoka wapi niwaandike na wageni?"

Kogo hajui kusoma. Alimwambia Kimaiyo amsomee bango. Aliposikia, akamtazama yule mama. "Mimi nimekuja kuzika Chepngeno. Hapa mnazika nani?"

Aliketishwa turubai la nne, kwa watu wa mbali. Msema chochote aliyeongoza shughuli alipofika mahali pa mama kutoa neno, aliangalia karatasi yake akaliona jina la Kukhu, akamwita Kukhu. Kukhu akaenda. Akaongea vizuri sana juu ya Nabwile. Kogo Linah aliondoka kabla ya chakula, na kibuyu akarudi nacho kikiwa kimejaa.

Tunajua ungekasirika. Tunajua pia kwamba safari hii dakika tatu zisingetosha.

Ng'ombe wako ndiye aliyetushtaki kwanza. Alikataa kushusha maziwa. Levi alijaribu, Emmy akajaribu, Kukhu akamwimbia nyimbo zote za Kibukusu anazozijua, tone halikutoka. Wiki ya pili Kukhu alisimama pale zizini na ndoo tupu akasema, "Huyu anangoja maneno yake. Na hakuna mtu hapa anayajua." Akakaa chini kwenye nyasi akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Keshoye alivaa kitambaa chake cha kanisani akaenda Kitale peke yake. Alikataa kusindikizwa na Levi. Kogo Linah alimkuta langoni wala hakumwambia ingia. Wamama wawili walisimama, lango katikati yao. Kukhu alisema amekuja kuuliza yale maneno ya ng'ombe.

"Ulikaa na yeye miaka ishirini na mbili," mama yako akamwambia. "Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza," Kukhu akajibu. "Nilifiwa na mtoto, nikachukua wako nikaweka mahali yake. Hata jina yake nikatoa. Nisamehe, mama."

Ametuambia kuku walianza kupita katikati ya miguu yao. Kisha Kogo akafungua lango. Alimfundisha yale maneno, akamrudisha nyuma kila alipokosea, kama mwalimu hasa, na sasa tunajua ulikorithi. Ng'ombe ametoa maziwa, kidogo, kwa manung'uniko. Tunadhani matamshi ya Kukhu yanamuudhi.

Lakini kuja kwetu, Kogo alikataa. Tulituma watu mara mbili, mara mbili wakapewa chai na jibu lilelile. Mwezi uliopita Kukhu akarudi tena na karatasi ya fundi wa mawe, yenye maandishi ya kaburi lako. Kimaiyo akamsomea mama yake: mstari wa juu, Chepngeno, binti ya Linah. Kukhu akasema jina la Nabwile, la mstari wa chini, yuko tayari kulifuta.

"Hilo mliache chini," Kogo akasema. "Alilivaa vizuri. Nitakuja."

Basi Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani kwako Kamukuywa, jiwe litafunuliwa. Mama yako atakaa mstari wa mbele, na kibuyu chake. Na kwa kuwa hajui kusoma, amesema atasomewa na mtu mmoja tu: Kukhu. Jina lako bado linamtesa ulimi. Wiki nzima amekuwa akilirudia jikoni, zizini, kwenye njia ya kwenda mtoni, anakosea, anaanza upya. Jana jioni alilitaja sawasawa mbele ya ng'ombe wako, na ng'ombe akageuka kutazama ni nani anayekuja.

Unakumbukwa na mama yako mzazi Linah, mumeo Levi, watoto wako Emmy na Kiplagat, uliyemzaa ukampa jina la kwenu nasi hatukusikia ulichokuwa ukisema, kaka yako Kimaiyo, Mzee Kizito, walimu wenzako na wanafunzi wako wote. Na Kukhu, aliyeomba aandikwe wa mwisho.

Wanafunzi, swali la Mwalimu tumelijibu, ingawa tumechelewa. Mama yake alikuwa anamwita Chepngeno.

Daima tutakukumbuka, na ndivyo tutakavyokuita.