Ubaridi wa Gari Lililosimama

Jumanne, 8 Oktoba 2024
Leo miaka arobaini na mitatu tangu baba anifukuze Ilongero. Kutoka hapa Mandewa ni mwendo wa bodaboda tu – sikwenda hata kumzika. Kosa langu: kumwoa Redempta, wakati ng'ombe walishapelekwa kwa kina binti mwingine.
Kaka Melkiori, mkubwa wa boma sasa, ametuma salamu: njooni Jumamosi. Tusubiri nje ya geti mpaka atutokee na maji ya unga wa mtama. Aliyefukuzwa haingii bila kunyunyiziwa.
Redempta alilia. Kisha akauliza tutasubiri muda gani. Moyo wake umepanuka. Joto linamkata pumzi.

Jumatano, 9 Oktoba
Pijo langu la mwaka 1979 lina AC. Likitembea, raha. Likisimama, linapuliza joto. Fundi Gervas amecheka: "Shikamoo mzee! Gari hili barabarani ni Njombe, likisimama ni Manyoni saa nane mchana!"
Nilidhani gesi imepungua. Ipo. Anasema gari likisimama hakuna upepo wa kupoza kondensa, ile rejeta ya AC, na feni inavuta hewa ya pembeni tu kwa kuwa haina kava. "Kava liko wapi, mzee?" akauliza. Nililitoa mwenyewe – lilikuwa linagongagonga.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kava limepatikana! Redempta huzungushia nalo miche yake ya mipapai. Miaka kumi na tisa tangu nilipolitoa!
"Chukua," amesema. "Mbuzi wakila mpapai, utajieleza wewe." Kucheka kidogo tu, pumzi ikakata. Nilimshika mgongo mpaka ikarudi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Gervas ameosha kondensa – vumbi, mabawa ya panzi. Amerudisha kava, ameongeza feni ya umeme kwa mbele, na amepandisha kidogo mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ili kompresa, pampu ya AC, isiilemee.
Tumekaa juani saa nzima, injini inanguruma, kipimajoto mkononi. Nyuzi kumi na moja! Juzi zilikuwa ishirini na sita. Redempta akajitanda kitenge. "Baba Marietha, nasikia baridi." Alisema kama msichana.

Jumamosi, 12 Oktoba – Ilongero, ndani ya gari
Tulifika saa tano. Sasa saa saba kasoro. Nyumba ile ile, bati jipya. Ubaridi haujapungua hata kidogo. Redempta amevaa viatu vya kanisani. Kupitia geti naona bakuli la maji juu ya kigoda.

Leah, binti wa Melkiori, amekuja dirishani. Hatujawahi kuonana. "Shikamoo baba mdogo. Shikamoo mama." Kisha akatazama chini. Baba yake anasema – amesikia gari lina ubaridi – basi mama akae humo humo. Baba mdogo aingie peke yake anyunyiziwe. Mama hatateseka na joto.

Nilitengeneza ubaridi huu ili mke wangu aweze kungoja kuingia. Sasa ndio sababu ya kumwacha nje.

"Nenda," Redempta amesema. "Mimi niko vizuri, si unaona?" Kitenge amekivuta mpaka mdomoni.

Melkiori ametoka. Amezeeka – ana mabega ya baba. Ameshika bakuli, amesimama mlangoni, haji. Leah bado yuko dirishani, anasubiri jibu.

Nimepandisha kioo, ubaridi usitoke. Tunaondoka sote wawili. Sitarudi hapa tena.