Wubit Chini ya Blanketi

Wollo, 9 Hidar

Mjukuu wangu Mintwab,

U mzima? Huko Addis unakula, au unasoma tu mpaka shingo imekuwa ya korongo? Mimi mzima, ng'ombe mzima, nyumbu mzima. Mama yako Wubit ndiye asiye mzima. Anakohoa mpaka anashika ukuta.

Mwaka jana mwanangu Getaneh, baba yako huyo, alipokohoa, alipandishwa nyumbu mpaka zahanati, akapewa vidonge, akachinjiwa kuku pia. Mkewe kukohoa, wamesema mfinyanzi wa sokoni amemla kwa jicho baya. Alhamisi walimfunika blanketi juu ya chungu cha majani yanayofuka, amtaje aliyemla. Baba yako alimkandamiza shingo, ami yako akamchapa kamba mgongoni. "Sema nani!" Akamtaja mfinyanzi, akamtaja padri, akanitaja hata mimi, mjinga yule. Akatema damu.

Majani niliyachuma mimi. Usinitolee macho, dawa ndiyo hiyo tangu zamani. Jumatano ya wiki ijayo tunarudia.

Bibi yako,
Tirunesh

Addis Ababa, 13 Hidar

Shikamoo Bibi,

Salamu zangu ni za haraka, nisamehe. Barua hii nampa dereva wa basi.

Hakuna jicho. Ni moshi wa samadi mnayowashia moto, miaka thelathini ya kuchoma mikate ya injera katika jiko lisilo na dirisha. Hapa chuo cha uuguzi nimeona wodi nzima ya wanawake kama yeye, na hawajagusa sigara. Njia za pumzi za mwanamke ni nyembamba kuliko za mwanamume, moshi uleule humbana zaidi. Na Baba lini ameingia jikoni? Mkimfunika tena atawafia mikononi. Mleteni kwangu. Nakupigia magoti.

Mjukuu wako,
Mintwab

Wollo, 19 Hidar

Mintwab,

Habari za huko? Usinifundishe moshi, wewe. Nimeumeza kabla mama yako hajazaliwa. Mimi pia nakohoa, wao wanaita uzee.

Barua yako ilifika jana, wameshamfunika. Nikaisoma kwa sauti, herufi moja moja. Getaneh akacheka: "Mama, barua ya kitoto ndiyo ituzuie?" Miguu ya Wubit ilikuwa ikipiga sakafu. Ikaacha.

Nikaokota mchi. Kwanza chungu. Kisha mwanangu niliyemzaa. Mkono wake ulilia kama kuni kavu ikivunjika. Ami yako nilimpa la mdomo, meno mawili yangali kwenye majivu. Nilipomfunua Wubit midomo ilikuwa nyeusi. Nikamburuta nje, nikampepea kwa ungo, nikimtukana, mpaka akavuta pumzi.

Alfajiri hii nampandisha nyumbu mpaka barabarani, apande basi la Addis. Barua hii anayo yeye, nimeifunga kwenye nguo yake. Mshike kiuno akishuka. Hafiki hatua kumi.

Jumapili wazee wananiketia kikao. Wanataka nimwombe mwanangu radhi mbele ya watu. Watasubiri sana.

Injera sasa Getaneh atajichomea, mkono uliobaki unamtosha. Na mama yako akianza kuuliza nani anampikia mumewe, funga mlango, ufunguo uuweke wewe.

Bibi yako,
Tirunesh