Shefu Bado Anagonga Mara Mbili

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia kutoka Kilibula, hapa Uvira, nimekaa juu ya mawe niliyoyabeba mwenyewe tangu asubuhi. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliiacha darasa la nne, na barua za mama kule Kalemie ulikuwa ukiniandikia weye. Leo wa kuniandikia hayupo, na wa kuandikiwa ndiye huyo huyo.

Nimemwona Shefu. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mbao niliziacha, yaya. Gogo letu la mwisho liko porini vile vile, msumeno uliishia katikati. Waliniletea mtu wa kusimama juu ya gogo, mahali pako, nikakataa. Gogo walilolianza wawili halimaliziwi na wa tatu. Hiyo desturi ya wapasuaji ulinifundisha weye. Nikateremka Uvira. Ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, sasa wanajenga upya, na sisi tunawabebea mawe na mchanga. Maumivu ya mgongo hayaniachi. Mama yuko mzima, ila nasikia siku hizi haulizi tena nitarudi lini.

Unakumbuka yule mwindaji alivyopita kambini? Kapu lake lilijaa nyama ya sokomutu iliyokaushwa kwa moshi, na juu ya nyama mtoto wa sokwe huyo alikuwa hai, ameshika mkono wa mama yake. Uliingia kibandani ukatoka na redio yako, ukampa, ukamchukua mtoto. Kambi nzima ilikununia. Wiki ngapi hatukujua nani kafungwa mabao mangapi! Ukamwita Shefu, kwa sababu alikaa siku nzima juu ya rundo la mbao akitutazama tunavyotoka jasho. Kila jioni ulimwuliza: "Shefu, leo kazi imekupendeza?" Yeye akabinua midomo. Hata walionuna walicheka.

Na kugonga kwako nako alijifunza. Weye juu ya gogo, mimi chini shimoni, vumbi la mbao machoni, nikivuta msumeno kama mwenda wazimu ili tumalize haraka. Ulinipigia kelele: "Weye, punguza mbio! Minye siko mashine!" Ukichoka kabisa uligonga gogo mara mbili kwa kifundo cha kidole. Nami chini niligonga mara moja: nimesikia, tupumzike. Shefu akaiga. Akitaka ndizi aligonga ubao mara mbili, mmoja wetu akamjibu, akampa.

Halafu ikaja homa ile.

Tulikubeba wanne kwenye tipoyi, machela yetu ya miti, kuteremka Makobola. Njiani uliniambia: "Shefu arudi kwao. Asifie kwenye kamba." Nikakuahidi. Kwenye mteremko wa mwisho uligonga mti wa tipoyi mara mbili.

Nilisikia, yaya. Hili sijamwambia mtu. Nilikuwa mbele, bega limevimba, naiona barabara pale chini, nikasema moyoni tusisimame, dawa ziko karibu. Sikukujibu. Tulipofika barabarani tukakushusha, ulikuwa umeshakwenda.

Shefu nilimpeleka kwenye kile kituo cha njia ya Fizi, wanakowatunza wanyama waliookolewa kwa wawindaji. Jumapili iliyopita ndiyo mara yangu ya kwanza kurudi. Nilipeleka ndizi, zilibaki mlangoni. Wakanifunga kitambaa cha kufunika mdomo na pua, maana mafua yetu yanawaua wale. Aliyenipokea ni mama mmoja mlezi, Mama Furaha, mikono imejaa makovu ya kung'atwa.

Aliniuliza tulimpataje. Nikamwambia habari ya redio, nikitegemea atakusifu. Akasema mwindaji akipewa kitu, anarudi kutafuta mtoto mwingine. Nikamkumbuka yule mtoto wa pili wa sokwe, aliyeletwa amekufa ndani ya kapu, na weye ukamtukana mwindaji mpaka sauti ikakauka. Hatukujua kuwa redio ndiyo iliyomrudisha. Nakuambia kwa sababu hatukufichana kitu, isipokuwa lile la tipoyi.

Nikauliza atarudi porini lini. "Papa, huyu bado," akasema. "Akiona mutu anagonga, anaomba chakula. Kule pori atagongea muwindaji." Nikataka kujua tutafanyaje. "Musimujibu. Ukimujibu weye leo, sisi tunaanza upya."

Tukakaribia uzio. Amekuwa mkubwa, yaya, mabega kama ya mbeba magunia. Alikuwa peke yake juu ya gogo lililolala. Uso wangu ulikuwa umefunikwa, lakini alinijua. Aliinuka, nywele zikamsimama. Kisha akainama, akagonga lile gogo mara mbili.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye nguzo ya uzio. Mama Furaha hakunizuia. Alinitazama tu. Nikakunja ngumi, nikaitia mfukoni. Shefu akagonga tena, pole pole, kama weye siku za mwisho. Nikasimama hivyo hivyo. Machozi yalilowesha kile kitambaa mpaka nikashindwa kuvuta pumzi.

Akaningoja. Akaningoja sana. Halafu jike moja zee, sikio limekatika, likatoka majanini likaja kukaa nyuma yake, likaanza kumchambua manyoya ya mgongo, kidogo kidogo, kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Shefu alinitazama mara moja tena. Kisha akanigeuzia mgongo, akajilaza pale miguuni pa lile jike.

"Leo amejifunza," Mama Furaha akasema. Sijui kama alimsema Shefu au alinisema mimi.

Sitamwona tena, yaya. Nimekubali. Wamesema hatakuwa wa kwanza kutoka, lakini atatoka, na siku hiyo watanitumia habari. Nikikaa mbali, ahadi niliyokupa itatimia; nikienda kumtazama, naivunja. Ndizi zile tulizila mimi na Mama Furaha pale mlangoni, nilipokuwa naondoka.

Jumapili hii nakuja Makobola kwa miguu. Nitapalilia majani, nitakuambia mengine yasiyoandikika. Kabla ya kuondoka nitainama kwenye msalaba wako, ule niliouchonga kwa mbao zetu wenyewe, niugonge mara moja.

Nimechelewa kukujibu. Lakini nilisikia, yaya. Pumzika.

Mdogo wako, wa chini ya gogo