Sweta ya Mama Mkwe na Damu ya Shetani

Mama Gwenda mpendwa,

Naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana mimi nimeshindwa na aliyenitia humu ni mume wangu Lachlan. Nafanya kazi ya kutambua protini hapa Hobart, na kazi yenyewe naipenda hadi naona haya kusema, tunachukua tone la damu, tunazikata protini zake vipande vidogo, mashine inapima uzito wa kila kipande, na kwa uzito huo tunajua ni protini gani na ni ya mnyama gani, na mpaka leo jina likijitokeza kwenye skrini nasisimka kama mtoto. Sasa tunapima damu ya shetani, ndivyo wanavyoitwa hawa wanyama wetu wa porini wanaokufa kwa saratani ya uso, tunatafuta protini ya kutuonyesha ugonjwa kabla uvimbe haujatokea, na tone tulilo nalo ni la mwisho la jike mmoja ambaye keshakufa, halipatikani tena.

Adui yetu ni sufu. Uzi mmoja ukidondokea kwenye kichupa, protini ya kondoo inajaa tele na zile chache tunazozitafuta hazionekani kabisa, ndiyo maana hata Julai na baridi yake sisi tunavaa nailoni, na mkuu wetu Despina anasimama mlangoni kutukagua, "Wewe, hiyo soksi ni ya nini? Ukitaka sufu nenda kachunge kondoo!"

Sasa mama mkwe wangu Noelene, mjane wa mfugaji kondoo kule Oatlands, amenifumia sweta. Mama Gwenda, ungeiona! Ni sufu ya mwisho aliyoinyoa mumewe Colin kabla moyo wake haujasimama, mama ameisokota mwenyewe, ameifuma kwa michoro ambayo hata kwa macho siwezi kuifuata, na tangu mazishi hicho ndicho kitu cha kwanza alichokifanya kwa furaha. Akapiga simu, "Haya mwanangu, unaivaa kazini? Maana najua huko mnaganda." Kabla sijafungua mdomo Lachlan akadakia, "Kila siku mama, hata haivui!" Mama akacheka, na sisi kicheko chake tulikuwa tumeshakisahau, nami nikauacha uongo upite. Kumbe amewafumia kofia wenzangu wote, anazileta Alhamisi, siku ileile ya kupima tone letu, aingie anione kazini na sweta ya Colin. Lachlan ananiambia, "Si uivae dakika tano tu? Utakufa?" Nikimzuia mlangoni nitamvunja moyo, nikimwingiza naweza kumpoteza yule jike mara ya pili, na huyu mama nampenda, nifanyeje?

Kerryn, Hobart

Kerryn mwanangu,

Umenichekesha, kisha ukaniudhi. Unapima vitu ambavyo jicho halivioni, halafu unashindwa kumwambia mkweo sentensi moja! Lachlan naye mpe salamu zangu: njia ya mwongo ni fupi, na yake imeishia mlangoni kwa Despina. Hizo dakika tano akazivae yeye.

Sasa nisikilize. Mimi nimekulia kwenye banda la kunyolea kondoo, wajane wa wafugaji nawajua. Unadhani Noelene hataelewa? Colin alipokuwa hai, ungethubutu kuingia shambani kwake na buti zenye tope la jirani ambaye kondoo wake wanaoza kwato kwa ugonjwa wa kuambukiza? Angekurudisha getini ukazisugue, na Noelene ndiye angekuletea ndoo. Mwambie maabara yenu ni zizi safi, na ndani yake mna mnyama mmoja tu. Ataelewa kabla hujamaliza. Ila usije ukaiita sufu ya Colin tope, hapo mimi simo.

Usimwambie kwa simu. Nendeni Oatlands Jumatano, wewe umevaa hiyo sweta, na Lachlan aungame mwenyewe kwa mdomo wake. Kuleni mtakachopewa. Ukirudi iache chumbani, oga, osha nywele. Alhamisi mpokee mama nje, kofia zigawiwe huko kwenye chai, naye asivuke mlango mpaka tone la yule jike limepimwa na majibu yamehifadhiwa.

Kisha ngojeni siku mashine inapokaribia kusafishwa. Chomoa uzi mmoja wa sweta uupime kwa makusudi, Noelene ameketi kando yako. Despina atang'aka. Mvalishe kofia kwanza.

Kusema kweli nawaonea fahari nyote wawili, wewe na mkweo. Mmoja anaufuma uzi, mwingine anaufumua hadi ujitaje. Mashine itaandika kwamba ni kondoo, haitajua ni kondoo wa nani. Hapo msogezee mama kiti karibu na skrini, unyamaze, umwachie yeye ataje jina.

Gwenda